Amana ya Mgonjwa: Ulinzi wa Habari za Tiba Katika Pwani ya Ziwa Tanganyika

Mji wa Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha mwisho katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwa kupitia Tabora, kabla ya kuvuka ziwa kwenda Manyema. Mfanyabiashara aliyetaka kuvuka alikuwa hana budi kuacha sehemu ya mali yake kwa mwenyeji mpaka atakaporudi, na barua zake kadhalika alimkabidhi mtu wa kuzipeleka pwani. Mali au barua iliyowekwa hivyo ni amana, na neno hili watu wa pwani wamelipa uzito kupita neno kopo au deni. Mwenye deni hulipa kitu cha mfano wake. Mwenye kuweka amana hurudisha kitu chenyewe, nacho hakikufunguliwa.

Mfano ujulikanao sana wa amana iliyovunjwa katika mji huo ni wa Daktari David Livingstone. Alifika Ujiji tarehe 14 Machi, 1869, mgonjwa wa mapafu, hajiwezi, akakuta ya kuwa sehemu kubwa ya vitu alivyopelekewa kutoka Unguja imekwisha kuibiwa. Akakaa akaandika barua nyingi. Walakini ilikuwa shida kumpata mchukuzi, kwa kuwa baadhi ya wakubwa wa mji walichelea habari za biashara ya watumwa zilizoweza kuwamo ndani yake, na nyingi katika barua hizo hazikufika. Aliporudi kutoka Manyema mwezi wa Oktoba, 1871, alikuta ya kuwa Sherifu, aliyekabidhiwa shehena nyingine, ameiuza yote, kwa hoja ya kwamba ametazamia kwa Kurani na kuona mwenye mali amekwisha kufa. Mwaka uliofuata, alipoagana na Henry Stanley, alimpa shajara yake imefungwa na kupigwa mihuri, isifunguliwe njiani.

Shajara hiyo na madaftari mengine yalichapishwa London mwaka 1874 chini ya mkono wa Horace Waller, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Hivyo wasomaji wa nchi nyingi walijua habari za kuharisha kwake, za damu iliyomtoka, na za siku alizochukuliwa kwa machela. Mambo ambayo daktari yeyote huyaficha kwa ajili ya mgonjwa wake. Yafaa pia ikumbukwe ya kuwa mwezi wa Aprili mwaka huo huo mwili wake ulitambuliwa na Sir William Fergusson kwa kutazama mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma. Habari ya jeraha la zamani, iliyojulikana kwa madaktari, ilithibitisha jina la maiti. Habari za mwili zina sifa hiyo: hazibadiliki kama fedha iliyoibiwa inavyobadilishwa na nyingine. Mtu akiibiwa neno la kufungulia sanduku lake atachagua neno jipya. Akiibiwa habari ya ugonjwa wake, hana ugonjwa mwingine wa kuchagua.

Orodha za wagonjwa zilizotungwa kwa mpango mkubwa zilikuja ziwani pamoja na malale. Robert Koch alifanya kazi katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, akitumia dawa ya atoksili, na miongoni mwa waliodungwa vipimo vikubwa baadhi walipofuka macho. Wadachi waliendeleza kazi hiyo katika himaya yao chini ya uongozi wa Friedrich Karl Kleine. Kambi zikajengwa katika pwani ya Ziwa Tanganyika pia, mojawapo Niansa, upande ambao leo ni Burundi, na huko ndiko Kleine na Max Taute walikofanya sehemu ya majaribio yao juu ya mbung'o. Vichaka vya ukingoni vilifyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Upande wa Ziwa Viktoria wasaidizi wa Kiafrika walifundishwa kupapasa tezi za shingo na kuwatafuta wenye dalili kijiji kwa kijiji. Mari Webel, katika kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya siasa za kuzuia malale, ameonyesha ya kuwa watu wa maziwa yote mawili hawakuwa wakipelekwa tu kama ng'ombe: walizipima kambi, wakaingia walipoona faida, wakazikimbia walipoona hasara.

Jambo hili la kukimbia lataka kufikiriwa na kila atungaye orodha ya wagonjwa. Aliyeandikwa katika daftari la malale hakuandikwa kwa ajili ya dawa peke yake. Daftari hilo hilo lilimwambia mtawala nani azuiwe kusafiri, nani akae kambini, kijiji gani kihamishwe. Zama za Waingereza, katika miaka ya 1930, watu wa Buha waliondolewa katika makazi yao ya kutawanyika na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Yawezekana kusema ya kuwa wengi waliokolewa. Na bado aliyejificha asipapaswe shingo hakuwa mjinga. Alijua ya kuwa jina lake likishaandikwa, halimo tena katika mamlaka yake.

Baada ya hapo historia ya daftari katika nchi hii ni ya polepole, wala haina haja ya kusimuliwa kirefu. Vitabu vya MTUHA vilienea katika zahanati na vituo vya afya tangu miaka ya 1990: vitabu vikubwa vya mistari, vilivyowekwa mezani, ambavyo yeyote asimamaye karibu na muuguzi aweza kusoma jina la aliyetangulia. Baada yake zikaja kliniki za tiba ya virusi vya UKIMWI, na kadi ya CTC yenye namba badala ya jina, ambayo mwenyewe huificha ndani ya kitambaa. Katika mji mdogo wa ziwani, ambapo muuguzi, mvuvi na mwuza dagaa wamesoma darasa moja, wapo waonao ni heri kusafiri kwenda kituo cha mbali kuliko kuonekana wamekaa benchi fulani siku fulani. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ilifanya kutoa siri ya majibu ya mtu kuwa kosa. Walakini benchi halina sheria.

Kisha ikaja kompyuta. Mfumo wa serikali uitwao GoTHOMIS, uliotengenezwa kwa ajili ya hospitali na vituo vilivyo chini ya halmashauri, humwandikisha mgonjwa tangu mapokezi hata maabara na duka la dawa, na hutoza malipo kwa njia hiyo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukafika Kigoma, na mwaka 2022 mkoa ukaanza kuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Faida ya mambo haya ni kubwa, na mtu asiseme ya kuwa kitabu cha mistari kilikuwa bora. Tofauti ni hii: mwizi wa kitabu alihitaji kuja Ujiji. Mwizi wa habari zilizomo katika kompyuta hahitaji kujua Ujiji iko wapi, wala hachukui kitu. Hunakili, na kitu chenyewe hubaki mahali pake, hata mwenye kukilinda asijue kwamba kimekwisha kwenda.

Dawa moja ya hatari hiyo ni jaribio la kupenya. Nalo si jambo geni kwa kadiri watu wadhanivyo. Mwaka 1967, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Atlantic City, Marekani, Willis Ware na wenzake walieleza hatari ya kompyuta moja kutumiwa na watu wengi walio mbali, na taarifa ya jopo aliloliongoza ilitoka mwaka 1970. James Anderson akaandika nyingine kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1972. Mwaka 1974 Paul Karger na Roger Schell walitangaza matokeo ya kuujaribu mfumo wa Multics, uliosifiwa kuwa salama kuliko mingi ya wakati wake, nao walikuwa wamepenya. Fikira yao ilikuwa nyepesi: mjenzi wa nyumba huiona milango aliyoijenga, hazioni nyufa asizozijenga, basi na aajiriwe mtu wa kuutafuta ufa kwa jicho la mwizi, ila asiwe mwizi.

Wenye lugha wanayo kazi hapa. Neno lililoenea siku hizi ni udukuzi, na afanyaye huitwa mdukuzi. Kamusi za zamani zina dukiza na mdukizi, mtu asikilizaye kwa siri maneno ya wenziwe, maneno ambayo kwa sauti na kwa maana hayako mbali. Lakini mdukuzi hana ruhusa, na ubaya huo umekwisha kushika neno. Kumwita mtaalamu aliyeajiriwa na hospitali mdukuzi mwema ni kama kusema mwizi mwaminifu. Mpelelezi lina asili ya heshima zaidi, kwa kuwa msafara ulimtuma mbele mtu wake wenyewe kutazama njia. Walakini siku hizi masikio hulisikia kuwa la polisi. Ukaguzi ni kitu kingine: mkaguzi huuliza kama kufuli ipo, naye huweka alama katika karatasi. Yuko pia atumiaye programu ya kupekua mtandao mzima na kutoa orodha ya udhaifu ujulikanao, na wauzaji wengine huiuza orodha hiyo kwa jina la jaribio, nayo sivyo. Ajaribuye kupenya hushika kufuli, akaisukuma, akaona kama mlango wafunguka, kisha akatazama chumba hicho chaongoza wapi. Kupenya ni neno zuri kuliko kuvunja, maana mara nyingi havunjwi kitu: ufa ulikuwapo. Nalo neno nywila, lipendwalo na waandishi kwa ajili ya neno la siri, bado halijashinda kaunta ya mapokezi, ambako watu husema paswedi.

Kinachomtenga mjaribu na mwizi si ujuzi, bali karatasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu aingiaye kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta pasipo haki, wala haimuulizi nia yake ilikuwa njema kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu hapana budi pawe na ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo, itajayo kompyuta zipi, siku zipi, saa zipi, nani apigiwe simu jambo likiharibika. Jambo hili watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na wageni. Mtu hupiga hodi kwanza. Tena mwenye mfumo ni nani? Zahanati hutumia programu iliyo mali ya mamlaka nyingine, katika kompyuta ya halmashauri, kwa mtandao wa kampuni ya simu. Mganga mfawidhi hawezi kutoa ruhusa ya kujaribu kisicho chake, na majaribio yaweza kukwama hapo kwa miezi, pengine kwa haki.

Chukua mfano wa kituo cha afya cha mwambao: majengo matatu, kompyuta tano, ruta moja, na mnara wa simu mlimani. Mjaribu ataanza kwa kutazama tu. Je, ruta bado ina neno la siri la kiwandani, lile lililochapwa chini yake? Je, mtandao wa simu za wagonjwa wanaosubiri ndio huo huo wa kompyuta ya maabara? Je, kompyuta ya duka la dawa ina programu ya zamani ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea viraka? Kisha ataona kama watumishi wote huingia kwa jina moja. Hapo ndipo penye ugonjwa ulioenea kuliko yote, nao si wa mitambo. Zamu ya usiku ina muuguzi mmoja, mzazi yuko kitandani, na mfumo wataka jina la mtu ambaye amekwenda Kasulu kwa mafunzo. Basi neno la siri huandikwa katika kipande cha plasta na kubandikwa kwenye kioo. Kumlaumu muuguzi huyo ni upuuzi. Alichagua mgonjwa mbele ya daftari, na aliyemnyima jina lake mwenyewe la kuingilia ndiye wa kuulizwa.

Sehemu nyingine ya jaribio ni ya maneno matupu. Simu hulia mapokezi: "Shikamoo, mama. Natokea mkoani, kitengo cha takwimu. Taarifa yenu ya mwezi haijaonekana kwetu. Nisaidie hiyo paswedi niitazame huku, nisikusumbue." Lugha ni ya adabu, cheo kimetajwa, na kosa limewekwa upande wa msikilizaji, wachache watakataa. Heshima, ambayo ni nguzo ya maisha ya mji, ndiyo inayotumiwa kuwa ufunguo. Haifai kuwafundisha watumishi ukali. Yatosha wawe na desturi moja: kujibu kwa upole ya kuwa watapiga wenyewe katika namba wanayoijua.

Katika hospitali zipo hadhari zisizopatikana katika benki. Mashine zilizounganishwa na mgonjwa hazijaribiwi zikiwa kazini. Kompyuta ya maabara yaweza kusimama kwa sababu ya kusukumwa kidogo tu, na majibu ya damu yakachelewa. Kadhalika, mjaribu aliyefika mlango wa daftari hana haki ya kusoma majina. Desturi njema ni kuandikishwa mgonjwa wa kubuni kabla ya jaribio, na mjaribu akimfikia huyo, amethibitisha hoja yake. Yatosha, na arudi. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2008 juu ya majaribio ya usalama unaeleza mpango, utekelezaji na taarifa, lakini akili ya kumweka mgonjwa wa uongo ili wa kweli wasiguswe ni ya mwenye kujali.

Hasara ya kutofanya hivyo si ya kubahatisha. Nchini Finland kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo iliacha hazina ya habari zake wazi kwa mtandao pasipo ulinzi wa maana. Ikaibiwa, na mwezi wa Oktoba, 2020, wagonjwa wenyewe wakaandikiwa barua mmoja mmoja, walipe au maneno waliyomwambia mganga wao yatangazwe. Waliohusika walikuwa maelfu kwa maelfu. Mfano wa Singapore unauma kwa namna nyingine. Mwaka 2018 habari za wagonjwa milioni 1.5 ziliibiwa katika shirika la SingHealth, na tume ya uchunguzi ikaona ya kuwa jaribio la kupenya lililofanywa kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kufichua baadhi ya udhaifu, nao haukurekebishwa ipasavyo. Walilipa kuambiwa pana ufa, wakaiweka karatasi kabatini.

Kwa Kigoma jambo lina uzito wa peke yake kwa sababu ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Mwezi wa Mei, 2015, Warundi makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Katika mlipuko wa namna ile huandikwa orodha: jina, umri, kijiji alikotoka, siku aliyoanza kuharisha. Kwa tabibu ni orodha ya kutafuta chanzo cha maji machafu. Kwa aliyemfukuza mtu huyo nchini kwake ni orodha ya waliokimbia na mahali walipo. Mwezi wa Januari, 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza ya kuwa wavamizi wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, miongoni mwao waliopotezana na jamaa zao kwa vita. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimekwisha kutolewa na mtengenezaji. Hakikuwekwa kwa wakati.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeziweka habari za afya katika daraja la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa mwezi wa Aprili, 2024. Sheria yadai ulinzi. Haielezi fedha za ulinzi zitoke wapi. Mtaalamu wa kweli wa kujaribu hutoza ujira ambao zahanati ya kijiji haiwezi kuulipa, wala haina haja ya kuulipa peke yake. Programu ya pamoja yajaribiwa mara moja kwa niaba ya wote, kila ibadilishwapo. Vinavyobaki, yaani ruta, plasta kwenye kioo, mtandao wa wageni na jina moja la kuingilia, vyaweza kutazamwa na afisa TEHAMA wa halmashauri anapozunguka kwa gari au kwa boti, akiwa na barua ya ruhusa mfukoni, na kutazamwa tena baada ya miezi mitatu kuona kama vilivyoandikwa vimetengenezwa. Taarifa ya jaribio lenyewe isitumwe kwa simu katika kundi la watumishi, maana hiyo ni ramani ya nyufa zote. Ipelekwe kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtu mmoja ajulikanaye kwa jina.